Jina la Marehemu Katika Wimbo: Uhakiki wa Tumbuizo la Zilizopendwa Mjini Machakos

Makala haya yanahakiki tumbuizo moja lililofanyika usiku katika ukumbi wa hoteli mjini Machakos, ambapo wanamuziki wa bendi ya benga iliyovuma Ukambani kuanzia miaka ya mwisho ya 1970 walikutana tena jukwaani baada ya kutawanyika kwa muda mrefu. Bendi hiyo hatutaitaja. Waliosalia hai hawajakubaliana ni nani mwenye haki ya kulitumia jina lake, na bango lililotundikwa langoni lilikwepa ugomvi huo kwa kuorodhesha watu wanne tu, kisha chini yao, kwa herufi kubwa nyekundu, neno moja: ZILIZOPENDWA.

Neno hilo linastahili kuchunguzwa kabla ya muziki wenyewe. Watanzania husema zilipendwa. Sisi Wakenya huongeza kirejeshi, tukasema zilizopendwa. Tofauti ya silabi moja si ndogo kwa mwanasarufi. Zilipendwa ni sentensi kamili, imetoa hukumu ikanyamaza. Zilizopendwa ni maneno yanayosubiri kitenzi chao: zilizopendwa zimefanyaje? Zimekufa? Zimerudi? Aidha, kiambishi -li- kinaliweka pendo katika wakati uliopita, ilhali waliojaa ukumbini usiku ule walikuwa wakizipenda nyimbo hizo mbele ya macho yetu, na baadhi yao hawakuwa wamezaliwa zilipotoka. Swali letu linatokana na pengo hilo la kisarufi: wimbo uliopendwa ukiimbwa tena na wale wale waliouimba, je, ni wimbo ule ule?

Jibu la darasani linajulikana. Albert Lord (1960), kutokana na utafiti aliouanza pamoja na Milman Parry miongoni mwa waimbaji wa tendi wa Yugoslavia, alionyesha kwamba fanani hakariri matini iliyokwisha kutungwa bali hutunga papo kwa papo. Kwa hiyo hakuna wimbo ule ule. Kuna utendaji huu na utendaji ule. Idara zetu zimefundisha kwa mwelekeo huo tangu fasihi simulizi ilipoanza kupewa nafasi ya mbele, kufuatia mjadala ulioanzishwa Nairobi mwaka 1968 na Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong. Mwanafunzi anayekwenda Mwala au Kangundo kukusanya nyimbo za kilumi hujua kwamba hana budi kuandika ni nani aliyeimba, lini, na mbele ya nani. Lakini mwanafunzi huyo huyo akipewa wimbo wa benga, husikiliza kanda, hunakili maneno, akayachambua kana kwamba ni shairi lililochapishwa. Hatumlaumu. Ni sisi walimu wake tuliomzoesha hivyo, na mmoja wetu atakiri kosa lake hapa chini.

Mazoea hayo yana historia. Benga ya Ukambani iliwafikia wengi wetu kwa santuri. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers wake, aliyeimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili akawapata wasikilizaji nje ya Ukambani hadi alipofariki mwaka 1987. Peter Mwambi na Kyanganga Boys. Kalambya Sisters na "Katelina" yao ya miaka ya 1980: nyimbo zao zilienea kwa sahani ndogo za inchi 7 zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Sahani hiyo haikuwa chombo cha kubebea tu. Upande mmoja huchukua dakika chache, na wimbo wa benga ni mrefu. Kwa hiyo uligawanywa, sehemu ya kwanza upande wa mbele, sehemu ya pili nyuma yake. Mara nyingi kisa husimuliwa upande wa kwanza. Upande wa pili magita huachiwa uwanja, mwendo ukazidi, maneno yakapungua hadi yakabaki majina na salamu. Mtunzi alijifunza kutunga kwa kuikadiria sahani. Tunathubutu kusema kwamba mpaka huo ni sehemu ya fani ya benga kama vina vya kati vilivyo sehemu ya fani ya shairi.

Usiku ule tuliuona mpaka huo ukifanya kazi mahali ambapo hapakuwa na sahani. Wimbo wa pili ni kisa cha mwanamume anayemlalamikia rafiki aliyekabidhiwa fedha za mahari naye akazila. Ulipofika pale ambapo upande wa kwanza wa santuri huishia, wapigaji walishusha sauti taratibu hadi kimya, wakakaa sekunde tatu hivi, kisha gita la solo likaanza upya. Hakuna aliyeshangaa. Wazee waliokaa karibu nasi walikuwa wameinua mikono kabla ya kimya chenyewe, na mmoja wao alizungusha kiganja hewani kama mtu anayegeuza sahani. Mwimbaji aliporuka mstari mmoja, meza nzima ilimkumbusha kwa sauti, naye akarudi kuuchukua kwa unyenyekevu wa mtoto wa chuoni aliyekosea aya.

Kwa hiyo nadharia ya Lord haitoshi hapa. Fanani huyu alikuwa akikariri, tena kwa hiari, na hadhira ndiyo iliyokuwa mlinzi wa matini. Santuri imewafanya wasikilizaji kuwa wahariri. Mhakiki anayekuja na msimamo kwamba utendaji hai ni bora kuliko nakala hana budi kulikabili jambo hili: watu wa Machakos walikuja kuidai nakala, na walilipa kiingilio kwa ajili yake.

Sehemu ya pili ya wimbo huo ndiyo iliyotutoa jasho. Mwandishi wa makala haya ameufundisha kwa miaka kadhaa kutokana na nakala aliyoiandika mwenyewe. Ndani yake, mara baada ya malalamiko ya mahari, jina la mwanamume linatajwa mara tatu. Katika tanbihi tulieleza kwamba jina hilo ni jazanda ya rafiki msaliti, na tukavuka mipaka zaidi kwa kulihusisha na maana ya shina lake katika Kikamba. Wanafunzi wengi wamejibu swali la mtihani kwa hoja hiyo, na walioieleza vizuri walipewa alama. Basi usiku ule mwimbaji alipofika kwenye jina, aliinua mkono kuelekea meza ya mbele. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akasimama, akainama kidogo, akaketi. Tuliuliza. Tukaambiwa kwamba ndiye aliyeipeleka bendi Nairobi kurekodi, kwa gari lake, na kwamba hakulipwa kitu ila kutajwa. Msaliti wetu alikuwa mfadhili.

Kosa hili si la tafsiri tu. Limetokana na kuamini kwamba kila jina lililomo ndani ya matini ni mhusika wa matini. Katika benga jina laweza kuwa malipo ya deni, salamu kwa aliyeko mbali, au amri kwa mpigaji kwamba zamu yake imefika. Majina haya hayasimulii, yanatenda. Na kwa kuwa yanatenda, yanahitaji mtu wa kutendewa. Santuri ilipoyaganda majina, iliyageuza kuwa maneno yasiyo na mtu, nasi wahakiki tukayatafutia mtu katika mawazo yetu.

Lipo jina la pili, na hili ndilo kiini cha makala haya. Kwenye santuri, kabla ya solo ya mwisho, mwimbaji anamwita mpigaji gita kwa jina lake. Mpigaji huyo ni marehemu. Usiku ule gita lake lilikuwa mikononi mwa mwanawe, kijana ambaye kwa muda wote hakuwa ameinua uso. Tulijiuliza mwimbaji angefanya nini. Akilitaja jina kama lilivyo, amemwita mtu aliye kaburini. Akilitaja la kijana, ameivunja matini ambayo ukumbi mzima unailinda.

Mara ya kwanza alilitaja la marehemu. Ukumbi ulinyamaza, na kijana alichelewa kuingia. Aliyeitwa hakuwapo, na aliyejibu hakuwa ameitwa. Solo ilipigwa kama ilivyo kwenye santuri, bila kosa, na bila uhai. Mzunguko uliporudi, mwimbaji aliliita jina lile lile, lakini mbele yake aliweka maneno mawili, mwana wa, ambayo Mkamba na Mswahili huyasema sawa. Silabi tatu zilizidi, mizani ya mstari ikavunjika, akalazimika kuyabana maneno yaliyofuata hadi yakasikika kwa shida. Vigelegele vilipanda kutoka meza za nyuma. Kijana aliinua uso kwa mara ya kwanza, akaiacha solo ya baba yake katikati, akapiga yake.

Tukio la namna hii si geni duniani. Tarehe 10 Desemba 2007 bendi ya roki ya Led Zeppelin ilirudi jukwaani jijini London, na kwenye ngoma aliketi Jason Bonham, mahali pa baba yake John, aliyefariki mwaka 1980. Mwana alikuwa ameketi pale pale, lakini nyimbo zenyewe hazikuwa na namna ya kulisema jambo hilo, kwa kuwa muziki wa roki kwa kawaida hautengi ndani ya wimbo nafasi ya kumwita mpigaji. Urithi ulionekana kwa macho tu. Benga inayo sarufi ya urithi. Inahitaji mwimbaji mwenye ujasiri wa kuitumia.

Ugomvi wa jina la bendi nao unaeleweka vizuri zaidi kwa mwanga huo. Katika Afrika Mashariki jina la bendi limekuwa mali ya kugombewa na kugawanywa. Waliotoka Simba Wanyika mwaka 1978 waliondoka na nusu ya jina, wakawa Les Wanyika. Waliokusanyika Dar es Salaam mwaka 1993 kwa msaada wa shirika la HelpAge, akiwamo Salum Zahoro wa Kiko Kids ya Tabora, walipita njia nyingine: hawakudai jina la bendi yoyote iliyokufa, bali waliufanya uzee wenyewe kuwa jina, wakajiita Shikamoo Jazz. Ni ubunifu ambao ndugu zetu wa Machakos wangeweza kuuigiza bila aibu, na ungewaokoa na mawakili.

Tumbuizo lilikuwa na dosari, na heshima kwa wakongwe isituzuie kuzitaja. Nyimbo nyingi kati ya zile kumi na moja zilikaririwa tu, kwa uaminifu uliochosha. Kubwa zaidi ni kwamba viitikio vilivyoimbwa na wanawake kwenye santuri viliachiwa wanaume wawili waliojikamua koo kuzifikia sauti za juu. Hakuna aliyetueleza kwa nini wanawake wale, au mabinti zao, hawakuitwa, wakati mwana wa mpigaji gita aliitwa. Katika wimbo wa saba akina mama wa meza za nyuma walikichukua kiitikio wenyewe bila kuombwa, na wanaume wawili wale wakapata nafuu ya kunyamaza. Kwa maoni yetu huo ulikuwa ufanisi mkubwa wa pili usiku ule, nao haukupangwa na yeyote aliyekuwa jukwaani.

Yamkini msomaji atauliza kama mstari uliovunjika mizani waweza kuitwa bora kuliko mstari uliokamilika. Kwa shairi la kimapokeo lililo kwenye karatasi, hapana. Hapa mizani ilivunjwa na jambo ambalo wimbo wenyewe ulilidai, kwani nafasi ya jina haikuwahi kuwa na neno maalumu. Ilikuwa na mtu. Mwimbaji aliyemtaja mwana alikuwa mwaminifu zaidi kwa utunzi wa kwanza kuliko alipomtaja baba, ingawa santuri yaweza kumshtaki.

Nakala tuliyokuwa tukiwapa wanafunzi tumeiondoa, pamoja na tanbihi yake. Katika ile mpya, sehemu ya pili ya wimbo ina nafasi mbili zilizoachwa wazi, na kando ya kila nafasi imeandikwa hali ya kila aliyetajwa pale ambaye tumeweza kumthibitisha, pamoja na mahali alipotajwa: mfadhili kwenye santuri, mfadhili ukumbini Machakos, baba, mwana. Mzee mwenye kofia ya sufu ameahidi kutueleza ni nani aliyetajwa bendi ilipopiga Kitui, maana anasema huko hakutajwa yeye, na hajawasamehe.