Umeme Unaongoja Ruhusa

Chini ya sakafu ya gari la umeme la Nissan Leaf, toleo la kwanza lililoingia sokoni Desemba 2010, kuna sanduku la chuma lenye seli 192 za betri. Zote zikiungana zinatoa kama volti 360, umeme wa kuua mtu. Mzazi anayesita kuwapandisha watoto juu ya kitu kama hicho ana haki ya kusita. Ningeweza kumjibu kwa nyota tano za Euro NCAP, wapimaji wa usalama wa magari Ulaya, ambazo Leaf ilizipata mwaka 2011 kabla ya gari lingine lolote la umeme. Lakini kinachonituliza mimi kimo ndani ya sanduku.

Humo, upande wa chanya na upande wa hasi, kumewekwa rilei, yaani swichi zinazoendeshwa na umeme. Kila moja ina springi inayotenganisha ncha zake muda wote. Kinachozikutanisha ni umeme mdogo wa volti 12, na kompyuta haiuruhusu mpaka ijiridhishe kwamba mambo yako sawa. Ajali ikitokea, au umeme huo mdogo ukipotea tu, springi inashinda na njia inakatika. Naupenda sana uamuzi huo. Mbunifu ameifanya hali ya kuzimika iwe ndiyo ya asili, na gari haliwaki ila kwa ruhusa isiyokoma.

Pia ipo rilei ndogo ya tatu, inayotangulia kupitisha umeme kidogo kidogo kupitia kizuizi, ili zile kubwa zinapogusana zisipige cheche zikaungua na kugandana.

Kisha kuna waya zenyewe za umeme mkubwa, za rangi ya machungwa. Fundi yeyote wa umeme wa magari anajua kwamba hasi ya betri ya kawaida hufungwa kwenye bodi. Hapa hakuna upande hata mmoja unaogusa bodi. Waya mmoja ukichubuka na kugusa chuma, mzunguko bado haujakamilika. Kompyuta inaona uvujaji huo, na taa ya onyo inawaka kabla kosa la pili halijatokea.

Ustadi huo unamdai fundi naye awe na subira. Fundi makini hukunja mdomo wa glovu zake za mpira, akabana hewa ndani na kusikiliza kama kuna tundu. Huchomoa betri ndogo ya volti 12, hung'oa plagi ya usalama iliyo chini ya zulia na kuitia mfukoni mwake mtu asije akairudisha, kisha hungoja dakika kumi kapasita zimalize chaji. Hata hapo hagusi kitu kabla ya kupima, na mita yenyewe huijaribu kwanza kwenye betri anayoijua.

Kwa hiyo anayenunua Leaf iliyotumika asiishie kuuliza imetembea kilomita ngapi. Aulize pia ni nani amewahi kulifungua lile sanduku, na alilifunga vipi.