Saratani ya pua: jinsi mionzi ilivyojifunza kulikwepa jicho

Kati ya mwaka 1960 na 2005, wagonjwa 127 wa saratani ya pua na sinasi (mashimo ya hewa ndani ya mifupa ya uso) walitibiwa kwa mionzi katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2007. Katika kila muongo, takriban nusu walikuwa hai miaka mitano baada ya tiba. Idadi hiyo haikupanda. Kilichoshuka ni madhara makubwa ya baadaye: kutoka asilimia 53 miaka ya 1960 hadi 16 miaka ya 2000.

Tatizo la tiba hii ni ujirani. Sinasi zilizo katikati ya macho zimetengwa na tundu la jicho kwa mfupa mwembamba kama karatasi, na neva ya kuona hupita nyuma yake, pengine milimita chache tu kutoka kwenye uvimbe. Baada ya upasuaji, eneo la saratani huhitaji grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 60 hivi, zinazogawanywa katika vikao 30. Neva ikipata zaidi ya grei 54 au 55, hatari ya upofu huanza kupanda.

Zamani miale michache mipana ilipigwa kutoka mbele na ubavuni, na mara nyingi jicho lililo karibu lilipata dozi kubwa pamoja na uvimbe. CT-Scan ikaleta ramani. MRI ikatofautisha uvimbe na makamasi yaliyonasa ndani ya sinasi, hivyo eneo la kupigwa likapungua. Kisha kompyuta ikaanza kuendesha vibamba vya metali vinavyofunguka na kujifunga kwenye njia ya mwale, hata pembe moja ikatoa nguvu kali kwenye uvimbe na hafifu kwenye neva.

Usahihi huo una masharti. Plastiki iliyolainishwa kwa maji ya moto hukandamizwa usoni mwa mgonjwa, ikaganda kuwa barakoa inayofungwa kitandani ili kichwa kisisogee. Sinasi iliyokuwa na hewa ikijaa majimaji, dozi hubadilika na mpango hupimwa upya.

Basi mashine zimeboresha maisha ya wanaopona zaidi kuliko zilivyoongeza idadi yao. Saratani hii hujifanya mafua, na wengi hufika hospitali ikiwa imeshafikia hatua ya juu. Pua inayoziba upande mmoja kwa wiki kadhaa, au inayotoa damu mara kwa mara, ni ya kupelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo.