Ziwa si Kauli ya Kutendwa: Ukaguzi wa Mtindo katika Miongozo ya Programu Huria

Vale, programu huria ya kukagua mtindo wa miongozo, hutegemea zaidi ruwaza za herufi. Katika Kiingereza, kanuni inayotahadharisha dhidi ya kauli ya kutendwa hutafuta kitenzi kisaidizi na umbo maalumu la kitenzi kikuu. Kiswahili hubeba utendwa kwa kiambishi -w- ndani ya kitenzi. Kanuni inayosaka kila neno linaloishia na "-wa" itakemea mara tatu sentensi ya mwongozo wa ramani ya Mwanza: "Ziwa limeoneshwa kwa buluu." Ilhali "ziwa" ni nomino.

Dosari kubwa zaidi imo katika hukumu. "Faili limehifadhiwa" humwarifu msomaji matokeo; likigeuzwa "Umehifadhi faili", humbebesha kazi iliyofanywa na mashine. Anayejifunza peke yake hatajua lini abofye, lini asubiri.

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulijenga msingi wa istilahi. Kinachohitajika sasa ni kanuni zinazochambua mofimu kwanza, kisha kumwachia mhariri hukumu ya muktadha.