Kicheko na Lafudhi

Tangu siku za kanda za video hata za diski, michezo ya kuchekesha imetazamwa sana Kitui na Makueni. Je, ubora wake tuupimeje? Tusihesabu vicheko, tuulize anachekwa nani, na kwa kosa gani. Marehemu King Majuto wa Tanga, aliyefariki mwaka 2018, alijifanya mwenyewe kichekesho; tamaa na hila za mzee zikaumbuka, nasi tukajiona humo. Lakini mchezo unaomleta bawabu Mkamba ili lafudhi yake tu ichekwe haufichui uovu wowote. Kuzaliwa Mwingi au Wote si kosa. Basi cheka, ewe mwanafunzi. Ila kicheko kikiisha ujiulize: nimemcheka mwovu, au nimeicheka sauti ya mama yangu?