Nyama ni Mzaha, Hesabu si Mzaha

Mama mmoja wa parokia yetu hapa Goma alitujia jioni moja baada ya mafundisho ya wakatekumeni, mkononi ana daftari la binti yake, kaye kama tusemavyo huku kwetu. Hakutaka kuketi. Alisema, "Papa katekista, mtoto huyu amepata alama 2 juu ya 10 katika Kiingereza, na mwalimu ameandika kwa wino mwekundu maneno nisiyoyajua. Tena nasikia ametunga mashairi ya kucheka watu. Siku hizi ni siku za kucheka watu? Wewe ulisoma seminarini. Uniambie kama nimchape au nimwache."

Kazi yetu ni kufundisha dini, si kusahihisha Kiingereza cha watoto wa wenzetu. Lakini daftari tulilipokea, tukalisoma usiku ule mpaka taa ya sola ikazimika, na asubuhi tukalisoma tena. Tangu hapo tumeomba ruhusa ya mama na ya binti tuandike habari zake hapa bila kutaja jina lao wala shule. Maana twaona mambo mawili katika kurasa zile chache: kosa la mwanafunzi, ambalo lipo kweli, na akili ya kusoma ambayo wengi wetu tuliotoka seminarini hatuna.

Mwalimu alikuwa amewapa kazi tatu. Ya kwanza ilikuwa kusikiliza slamu mbili kwa simu na kuzipa alama. Ya pili, kusoma maandishi ya kejeli ya mwandishi wa zamani na kujibu maswali. Ya tatu, kutunga slamu yao wenyewe kwa Kiingereza.

Kwa ajili ya wazee wasioijua, slamu ni shairi lisemwalo kwa mdomo mbele ya watu, bila ngoma wala gitaa, mshairi amesimama na sauti yake tu. Ilianza Chicago, Marekani, katikati ya miaka ya 1980, kwa kazi ya Marc Smith, mtu wa kazi za ujenzi, naye tangu mwaka 1986 aliiweka katika kilabu kiitwacho Green Mill. Desturi yake ni kwamba waamuzi huchaguliwa kati ya wasikilizaji waliokuja tu, nao huinua namba kutoka 0 hadi 10. Baadaye ilifika Ufaransa, na vijana wetu wengi waliijua kwa sahani ya Grand Corps Malade iliyotoka mwaka 2006. Hapa mjini wapo vijana wa Goma Slam Session wanaosema ya kwao. Basi mwalimu hakuleta kitu kigeni kama mama alivyodhani. Tena twamsifu, maana mwalimu anayewasikilizisha wanafunzi 60 shairi kwa simu moja ndogo ana imani kubwa.

Binti aliipa slamu ya kwanza 6, akasema mtu yule apiga kelele pale pale ambapo watu wamezoea kupiga makofi. Maneno makali, lakini tulipoisikiliza wenyewe tuliona ni kweli. Slamu ya pili hakuipa namba. Aliandika hivi, tunageuza kwa Kiswahili: "Huyu amesema juu ya ndugu yake aliyekufa. Nikimpa 9, ile 1 iliyobaki ni ya nini?"

Mwalimu aliandika pembeni: fanya kazi uliyopewa. Haki yake, mwanafunzi hufanya kazi aliyopewa. Hata hivyo hatujasoma swali zuri kuliko hilo juu ya slamu. Binti alikosa jambo moja tu, wala hakuna aliyemweleza: namba zile tangu Chicago zilikuwa nusu mzaha. Ukimpa mtu aliyeingia kunywa bia yake kibao cha namba, umewacheka maprofesa wapimao mashairi kwa mizani. Binti alichukua mzaha kuwa kweli. Na katika kazi ya pili, tutakavyoona, aliona kweli ndani ya mzaha, akaadhibiwa kwa yote mawili.

Mwandishi waliyesomeshwa ni Jonathan Swift, kasisi wa Kianglikana, dekani wa kanisa kuu la Mtakatifu Patrick huko Dublin. Mwaka 1729 alitoa kijitabu kidogo. Nchi ya Ireland ilikuwa na njaa, wengi wa maskini wake walikuwa Wakatoliki, na wenye mashamba wengi walikaa Uingereza wakila kodi za mashamba hayo. Swift akajifanya bwana mpole mwenye elimu ya hesabu. Akashauri kwamba watoto wa maskini wakitimiza mwaka mmoja wauzwe kwa matajiri wawe kitoweo. Anahesabu ni watoto wangapi, kila mmoja atagharimu nini, atauzwa kwa bei gani, nyama yake itatosha watu wangapi. Hapazi sauti hata mara moja. Msomaji asiye macho atadhani ni shetani aandikaye, naye ni mtu mwenye uchungu mkubwa kwa ajili ya maskini wale wale.

Swali la mwalimu lilikuwa: je, mwandishi asema kwa dhati? Jibu alilolitaka ni hapana, asema kwa kejeli. Binti alijibu: "Ndiyo. Nyama ni mzaha. Hesabu si mzaha." Akapata 0.

Chini yake alieleza kwa sentensi chache, Kiingereza chake kikichechemea. Familia yake ilitoka Rutshuru mwaka 2022, wakakaa Kanyaruchinya chini ya hema wakati kambi ilipokuwapo. Aliandika: "Kule walikuja watu wenye karatasi. Walikuwa wapole kama mtu huyu. Tulihesabiwa mara nne kabla hatujala mara moja."

Tulipofika hapo tuliliweka daftari chini kwanza.

Wasomaji, tulipokuwa seminarini tulifundishwa kejeli kwa kanuni: mwandishi asema moja akitaka lieleweke lingine, tena huzidisha mambo mpaka yasiaminike. Ni kanuni njema na hufaulisha mitihani. Lakini tuliisoma kazi ya Swift wakati ule tukacheka kidogo, tukasema "ajabu, watoto waliwe!", tukapita. Tulicheka nyama. Binti huyu hakuishangaa nyama, aliishangaa kalamu iliyotulia. Naye Swift, twasadiki, aliitaka kalamu hiyo ishangaze kuliko nyama, maana wakati ule watu wenye heshima waliandika vijitabu vingi vya kuwahesabu maskini kama ng'ombe, wala hakuna aliyewaona kuwa wabaya. Yeye aliazima sauti yao, akaongeza neno moja la kula. Sauti yenyewe hakuibuni.

Kwa hiyo mwalimu angempa nini? Sisi tungempa nusu. Nusu aliyoikosa ni halali kuikosa, kwa kuwa hakuandika popote kwamba Swift na yule bwana wa hesabu ni watu wawili. Asiyetenganisha mwandishi na kinyago alichovaa, siku moja atamchukia asiyestahili kuchukiwa. Tulimwambia hivyo, naye aliona aibu kidogo, akasema alidhani jambo hilo kila mtu alijua.

Sasa tumjibu mama. Alituuliza kama kucheka watu ni dhambi. Wakristo wengi hudhani Biblia haichekeshi. Tumsome Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 18: anawashauri manabii wa Baali waongeze sauti, huenda mungu wao amesafiri au amelala. Isaya katika sura ya 44 amwonyesha seremala akataye mti mmoja, nusu anaota moto na kuoka mkate, nusu anaiabudu. Amosi aliwaita wanawake matajiri wa Samaria ng'ombe, tena akataja na malisho yao. Marehemu Papa Fransisko aliwakusanya wachekeshaji zaidi ya 100 Vatikani tarehe 14 Juni 2024, akawaambia kwamba hata juu ya Mungu twaweza kucheka, kama vile tunavyotaniana na tuwapendao.

Lakini tusijidanganye, Kanisa nalo limewahi kuuma meno. Molière alipoonyesha mnafiki wa sala katika mchezo wake wa Tartuffe mwaka 1664, ulizuiwa, na mwaka 1667 Askofu Mkuu wa Paris alitisha kuwatenga watakaoutazama. Ulifunguliwa mwaka 1669. Nasi makatekista tumechekwa na Okot p'Bitek wa Uganda katika Wimbo wa Lawino, uliotoka kwa Kiingereza mwaka 1966, ambamo mwanamke wa kijijini akimbia darasa la katekisimu kwa sababu wanaimbishwa maneno wasiyoyaelewa. Tulipousoma mara ya kwanza tulikasirika. Mara ya pili tukabadilisha namna tunavyofundisha sala ya Nasadiki.

Imebaki kazi ya tatu, slamu ya binti mwenyewe. Jina lake ni Asante, Ziwa. Yeyote anayekaa Goma aelewa kabla ya mstari wa kwanza. Mji umeketi juu ya mawe ya volkano, pembeni yake liko Ziwa Kivu lenye karibu kilometa za mraba 2,700, na mitaani watu hupanga foleni ya maji na vidumu vya manjano. Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini na umeme na maji yakakatika, watu waliteremka kuteka ziwani penyewe. Binti haelezi hayo. Anashukuru tu: "Asante, Ziwa, kwa kukaa karibu. Wengine wana kiu na hawaoni maji. Sisi tuna kiu na picha nzuri."

Hapo ndipo tuliposhangaa, kwa maana kanuni yetu ya seminarini ilivunjika mkononi. Swift alizidisha. Mtu wa Goma azidishe nini? Ukisema mlima uliwaka ukashuka mjini kwa miguu, ni habari ya mwaka 2002, tena ya mwaka 2021. Zidisha mambo ya hapa, na msikilizaji atadhani wasoma taarifa ya habari. Binti kwa kujua au kutojua alienda upande wa pili, akapunguza. Alishusha sauti mpaka ikawa ya mgeni aliyekuja kutalii. Kejeli yake ni adabu.

Beti ya tatu hatukuipenda hata kidogo. Anawacheka vijana wanaobeba maji kwa chukudu na kuyauza, anawaita wafalme wa kidumu, wenye tumbo la serikali. Inachekesha. Lakini tulimwuliza, "Mwanangu, kijana yule apandaye na vidumu kumi jua la saa saba, tumbo hilo ameliweka wapi?"

Akajibu, "Papa, yeye ndiye aliyetupandishia bei ile Januari. Siyo wewe uliyelipa."

Kweli, si sisi tuliolipa. Parokiani palikuwa na tangi. Tukanyamaza kidogo. Kisha tukamwambia kwamba Swift naye aliona maovu ya maskini, lakini hakuyaazima. Aliazima sauti ya mwenye hesabu. Akafikiri, akasema, "Basi nivae sauti ya mtu wa chukudu?" Siku tatu baadaye alileta beti mpya, kijana wa chukudu akisema mwenyewe: "Asante, Ziwa, kwa kuwa zito. Ungekuwa jepesi kila mtu angekubeba." Bado beti hiyo haijatulia, mwisho wake umekatika ghafula, lakini mtu aliyemo sasa ana mgongo na jasho.

Tulimshauri asiisome uwanjani kwa sasa, maana busara nayo ni mojawapo ya fadhila kuu nne. Ila tulimwomba jambo moja: atusomee kwa Kiswahili, nyumbani kwao, mama akiwapo. Tulikuwa tumeona ya kuwa kwa Kiingereza husoma haraka, mkono juu, kama wale wa kwenye simu. Kwa Kiingereza alikuwa hodari kwa sababu nyumbani hakuna amsikiaye. Kejeli isiyoweza kusemwa mbele ya wale inaowahusu yaelekea kuwa umbeya uliovaa suti.

Alisimama kati ya vyungu na vitanda. Mkono haukupanda. Shukrani za Ziwa alizisoma polepole, na kwenye picha nzuri mama yake alicheka kwa pua, akajizuia, akacheka tena. Kisha binti akasoma na jibu lake juu ya Swift, maana tulimtaka asome yote. Akafika mahali pa watu wenye karatasi. "Tulihesabiwa mara nne kabla hatujala mara moja."

"Mara tano," mama akasema.

Binti akamtazama.

"Ni mara tano. Ile ya kwanza walikuja usiku, wewe ulikuwa umelala. Niliwaonyesha kwa tochi."

Binti alitafuta kalamu, akakata nne, akaandika tano. Alama ya mwalimu haijabadilika, ni 2 juu ya 10, na mama hajamchapa.