Picha au Taswira? Juu ya Istilahi za Nyuso Zinazochuja Nuru

Istilahi "uchakataji wa picha" imekwisha kukubalika kwa kazi ifanywayo na kompyuta, nasi hatuna ugomvi nayo hapo. Kamera hunasa nuru na kuigeuza kuwa ishara za umeme, kisha kompyuta huzipitia tarakimu zake. Picha ipo kwanza, ndipo ichakatwapo. Lakini wafasiri wameichukua istilahi hiyo hiyo na kuibandika kwenye fani mpya ya nyuso za nanometa, na huko inapotosha.

Nyuso hizo hupangwa nguzo ndogondogo ambazo nafasi baina yake ni pungufu ya urefu wa wimbi la nuru, yaani nanometa mia kadhaa tu. Mwaka 2011 Federico Capasso na wenzake wa Harvard walionyesha kuwa uso wa namna hiyo waweza kuipinda nuru kinyume cha mazoea ya lenzi. Mwaka 2014 Nader Engheta na wenzake wakaeleza jinsi mawimbi yanavyoweza kufanyiwa hesabu za kalkulasi kwa kupita tu. Leo ziko nyuso zinazozuia sehemu za taswira zilizo sawasawa na kuachia kingo zake. Kazi huisha nuru inapomaliza kupita, wala picha bado haijapigwa!

Basi kilichoshughulikiwa si picha. Ni taswira, neno ambalo walimu wa fizikia hulitumia kwa umbo linaloundwa na lenzi au kioo. Nacho kitendo si kuchakata bali kuchuja, kama kifumbu kifanyavyo kwa tui. Twapendekeza "uchujaji wa taswira".

Wengine huandika "uso unaobadilika". Kinyonga naye hubadilika, tena kwa hiari yake. Hapa mtu ndiye abadilishaye: oksidi ya vanadi ikipashwa joto la nyuzi 68 hivi za Selsiasi huanza kupitisha umeme kama metali, na uso uliotiwa tabaka yake waweza kuacha kuchuja kingo na kupitisha taswira nzima. "Uso unaorekebishika" ni bora. Watakaosema kurekebisha ni kuondoa kasoro wakumbuke kuwa hata saa nzima hurekebishwa.

"Metauso" tunaikataa kabisa. Mwanafunzi atadhani ni uso wa meta moja, ilhali chote kinachozungumzwa hupimwa kwa nanometa. Wenye pendekezo bora na watuletee kabla vitabu vya kiada havijapigwa chapa.