Nanga Haisomwi kwa Macho

Ukitaja nanga Lamu au Bagamoyo, msikilizaji ataona chuma kinachozuia chombo kisichukuliwe na maji. Ukiitaja Kagondo, iwe ile ya Manispaa ya Bukoba au ile ya wilaya ya Muleba, mzee ataona ubao. Enanga ya Wahaya huchongwa katika kipande kimoja cha mti hadi kikawa kama sinia refu lenye kina kifupi. Uzi mmoja hupitishwa juu yake huku na huko, zikapatikana nyuzi saba au nane. Manju huipiga kwa vidole huku akiimba utendi, na waliomzunguka humwitikia.

Kwa muda mrefu sasa tumekuwa tukiuokoa utamaduni huu nusunusu. Wasomi wamechukua maneno na wapenzi wa muziki wamechukua nyuzi. Kila upande unaamini umebeba mzigo wote.

Tuanze na maneno, kwa sababu huko kuna ushindi wa kweli. Mwaka 1970 Ruth Finnegan, katika kitabu chake maarufu kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alitilia shaka kama bara hili lina tendi kwa maana kamili ya neno hilo. Miongoni mwa waliomjibu ni M. M. Mulokozi, na hoja yake ilitoka Kagera. Mwaka 1983 alichapisha makala akiuliza kama manju wa nanga ni watunzi wa tendi, kisha mwaka 1986 akakamilisha tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuhusu tendi hizo za Wahaya. Leo Rukiza na Kachwenyanja wanaweza kutajwa darasani pamoja na Fumo Liyongo, na mwanafunzi asione ajabu.

Tatizo liko kwetu sisi tuliosoma baada yake. Mulokozi alisisitiza kwamba utendi ni tukio lenye fanani, hadhira na ala. Sisi tukachukua matini, tukahesabu sifa za shujaa, tukaandika mtihani. Ukurasa uliochapwa una nafasi nyeupe kati ya mstari na mstari. Katika utendaji, nafasi hiyo haiko tupu: uzi unazungumza, manju anavuta pumzi, mtu mmoja kwenye hadhira anaguna. Anayesoma kwa macho tu hupita hapo kama anayevuka daraja bila kuuona mto.

Sauti nayo ilikatwa kwa namna yake. Hugh Tracey alirekodi muziki wa Wahaya mwaka 1950, na bila kazi yake tungekuwa maskini zaidi. Lakini santuri za wakati ule zilibeba takriban dakika tatu kila upande. Utendi wa Mugasha, mkubwa wa ziwa na dhoruba, hauwezi kuenea humo, kama vile harusi isivyoweza kuenea kwenye picha ya pasipoti. Sasa tuna simu zinazoweza kurekodi usiku kucha, na bado tunasambaza vipande vya dakika moja. Kijana anayejifunza kwa vipande hivyo hujua milango mingi ya kuingilia, ila hajawahi kufika sebuleni.

Wapenzi wa ala za jadi hupenda kutuonyesha nchi za Kaskazini mwa Ulaya, na si vibaya kutazama. Ufini ilipata Kalevala mwaka 1835, na toleo lake kubwa mwaka 1849, kutokana na nyimbo alizokusanya daktari Elias Lönnrot. Kitabu kikawa nguzo ya taifa. Kantele, ala ya nyuzi iliyoshirikiana na nyimbo hizo, ilihitaji juhudi nyingine kabisa: idara ya muziki wa jadi katika Akademia ya Sibelius ilianzishwa mwaka 1983. Kitabu hakikuweza kuifanya kazi hiyo.

Norway inatufunza jambo lililo karibu zaidi na letu. Muziki wa ngoma ya springar kutoka Telemark huandikwa kwa mapigo matatu, lakini mapigo hayo hayalingani urefu. Fidla ikipigwa kama karatasi inavyosema, mchezaji hujikwaa. Kipimo chenyewe kiko miguuni mwa wachezaji.

Kipimo cha nanga kiko kwenye ulimi. Kihaya ni lugha ya toni: sauti ya neno kupanda au kushuka ni sehemu ya neno hilo. Manju hawezi kuburuta maneno popote anapotaka, na vidole vyake vinalijua hilo. Kwa hiyo kijana wa Kagondo aliyekulia Mwanza au Dar es Salaam, mwenye Kihaya cha salamu tu, akijifunza nyuzi peke yake atapata tuni nzuri isiyojua inaelekea wapi.

Mtu atanijibu kwa jina moja: Hukwe Zawose. Wazungu hawakujua Kigogo, na walimsikiliza kwa mapenzi makubwa. Ni kweli. Lakini Zawose mwenyewe alikuwa na Kigogo chake. Msikilizaji anaweza kukosa lugha, mpigaji hawezi.

Je, nanga isiimbwe kwa Kiswahili? Iimbwe. Ila anayeifanya kazi hiyo akubali kutunga upya, nyuzi zifuate mwendo wa Kiswahili. Akibandika maneno mapya juu ya tuni ya Mugasha, ataziharibu zote mbili.

Na anayetaka njia ya jadi asianze kwa kutafuta ubao. Atafute kwanza mtu wa kumsimulia Mugasha kwa Kihaya, mwanzo hadi mwisho. Aulize maneno asiyoyajua, ajifunze mahali pa kuitikia, kisha asimulie mwenyewe hadi mzee aache kumsahihisha. Wachapishaji nao wanadaiwa: utendi ujao wa nanga utoke na rekodi nzima isiyokatwa, maelezo ya jinsi nyuzi zilivyokazwa, na sauti za hadhira zikiwa zimeandikwa mahali pake. Wanaozikumbuka tendi hizi kwa ukamilifu ni wazee, na uzee hausubiri bajeti.